Nyumba Iliyopambwa Maji Yakiwa Mbali

Siku Nakshi alipoiona nyumba ile kwa mara ya kwanza, mwenye nyumba alikuwa sebuleni anachota bahari kwa ndoo. Sisemi kwa mafumbo. Maji ya bamvua yalikuwa yamepanda ukuta wa mbele, yakapita chini ya mlango bila hodi, yakajitandaza mpaka jikoni. Mama mjane mwenye nyumba alikuwa amepandisha gauni magotini, anayachota na kuyamwaga dirishani yarudi kwao. Getini palikuwa na kibao cha "Inauzwa", nacho kilikuwa kimeliwa na chumvi nusu nzima. Mtu mwenye haya zake angetoa pole akaenda zake. Nakshi alisimama, akalitazama lile dirisha kubwa lililoelekea baharini, akajiambia moyoni kwamba hapa pana ulaji.

Nakshi si jina alilopewa na mama yake. Watu wa mjini walimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake, kama ile nayo ni kazi: alizipamba nyumba mbovu mpaka zikapata wanunuzi. Shati lake lilikuwa la kuazima, saa ya kuazima, na gari alilokuja nalo lilikuwa la mteja wa gereji fulani, na mteja mwenyewe hana habari. Kitu kimoja tu duniani kilikuwa chake halali: nyumba ya kilimani aliyoachiwa na marehemu mama yake, sakafu nyekundu inayong'aa, paa lisilovuja hata tone. Hiyo aliapa haitaingia katika biashara zake hata kwa mtutu wa bunduki. Hata tapeli ana mahali anapovua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usikanyage hapo, utatota."

"Mama yangu, bibi harusi haonyeshwi kwa watu akiwa anasugua masufuria. Niachie hii nyumba niipambe. Wewe taja bei yako tu. Itakayozidi hapo ni jasho langu."

Mama aliweka ndoo chini, akashika kiuno. "Watu wanakuja, wanaona alama za maji ukutani, wanakimbia. Mimi sitaki makubwa, baba. Nataka sakafu kavu. Magoti haya yamekwisha."

"Kwani maji yanaingia kila siku?"

"Kila siku ingekuwa nafuu, ningekuwa nimeshahama zamani. Yanaingia siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku za maji mafu bahari inakaa kule mbali, utadhani hamjuani."

Nakshi karibu amkumbatie. Kumbe nyumba ilikuwa nzima kwa siku nyingi tu za mwezi, na mnunuzi mjinga anahitaji asubuhi moja!

Basi akaipamba. Alama za maji alizizika kwa lipu nyepesi na rangi nyeupe, vigae vilivyopasuka akavifunika zulia, mlango uliovimba akaupigilia misumari na kutundika pazia mbele yake. Kwenye ukuta wa kutazamana na dirisha akaweka kioo kirefu, ili mgeni aione bahari mara mbili kwa bei ya moja. Kwa fundi seremala alichukua kochi la ngozi "kwa majaribio", na akamwagiza kitanda kifupi kuliko binadamu wa kawaida. Kitanda kifupi hukifanya chumba kionekane uwanja. Rafu akaijaza vitabu vya kijani vyenye majalada ya dhahabu, ambavyo ndani yake hamkuwa na ukurasa hata mmoja. Harufu ya ukungu aliitoa kwa sufuria la mdalasini lililochemka jikoni kutwa nzima. Mama mjane alikuwa anapita huku na huku akishika mashavu. "Yaarabi! Hii ndiyo nyumba yangu? Nani angedhani?"

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nakshi aliamini walimlenga yeye.

Mnunuzi hakuhitaji hata kutafutwa. Alipiga simu mwenyewe, akasema ameona tangazo, akaja siku ya maji mafu saa ileile aliyopangiwa. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani myeusi na suti iliyombana kwapani, na kabla hajakaa alikwisha kusema mara kadhaa kwamba ana malori. Kwa hiyo na sisi tumwite Mwenye Malori.

"Na hii harufu?" aliuliza akinusa.

"Upepo wa huku, mzee. Unakuja na viungo kutoka mbali."

"Kumbe! Mjini kwetu upepo unakuja na moshi tu." Akasogea rafuni. "Na vitabu vyote hivi?"

"Vinakwenda na nyumba." Nakshi aliuwahi mkono wake kabla haujavuta jalada. "Ila visishikwe sana, ni vya kale."

"Safi. Mke wangu anaheshimu sana watu wenye vitabu. Na bahari je, haisumbui?"

"Bahari hii ina adabu zake, mzee. Si unaiona ilipo?"

Mwenye Malori alichungulia dirishani. Maji yalikuwa mbali kabisa, yamelala kimya, na mchanga mweupe umetandazwa mpaka huko. Aligeuka, akataja bei. Nakshi alikohoa, akasingizia mdalasini. Kwa bei ile mtu angenunua nyumba tatu za kilimani na chenji ikabaki ya kujengea uzio.

"Lakini nina sharti," Mwenye Malori alisema akiinua kidole. "Sinunui kwa mjane. Niliwahi kununua shamba la mjane, warithi wakachipuka kama uyoga. Sijui mtoto wa nje, sijui binamu, kesi mpaka leo. Wewe ni kijana msafi, nakuona. Nyumba ikiwa kwa jina lako, nakulipa siku hiyohiyo. Bila hivyo, kuna nyingine nimeonyeshwa."

Hebu msikilize mwenyewe: "kijana msafi". Na kijana msafi akaamini, maana sifa ni chakula ambacho hata mpishi wa sifa hakishibi. Usiku ule hakulala. Aliona mzee huyu ni zawadi, mjinga aliyeshushwa kutoka mbinguni akiwa amefungwa utepe. Tatizo lilikuwa moja tu: kuinunua nyumba kwa mama mjane kulihitaji pesa, na Nakshi mfukoni alikuwa na funguo za gari la watu.

Asubuhi alikuwa barazani kwa mama, amepiga magoti.

"Mama, nimekuonea huruma. Hayo magoti yatakuua. Mimi nina nyumba kilimani, kavu kama mkate wa juzi. Tubadilishane. Wewe uende kule, mimi nibaki na hii bahari yako nipambane nayo."

Mama alimshika bega. "Nyumba ya marehemu mama yako, baba? Mji mzima tunaijua. Fikiri vizuri. Bahari inaingia humu ndani, nilikuambia."

"Nimefikiri, mama."

"Mtoto hachezei kilichoachwa na mama."

"Mama, huu si mchezo, ni huruma!"

Walirudia maneno hayohayo mbele ya wakili, mama akimwonya, yeye akiapa, wakili akipiga miayo na mihuri. Nakshi alitia sahihi yenye mikia mirefu. Alipotoka nje alijiona mtakatifu: amemsaidia mjane, na atatajirika kabla ya Ijumaa. Mama alipakia vyombo vyake kwenye mkokoteni akapanda kilima, na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Nakshi akampigia Mwenye Malori. Simu haikupatikana. Akapiga jioni, akapiga kesho yake, akapiga mpaka akaizoea sauti ya yule dada anayesema jaribu tena baadaye. Usiku alilala kwenye kitanda kile kifupi, miguu ikining'inia nje kuanzia vigimbini, akijiambia kwamba matajiri wana shughuli nyingi. Na mwezi huko juu ulikuwa unanenepa, hauna habari na shughuli za mtu.

Bamvua likaja asubuhi. Maji yalipita chini ya mlango kama wenyeji waliotoka safari, yakainua zulia, yakabomoa lipu, yakatoa rafuni vile vitabu vya dhahabu na kuvitembeza sebule nzima. Kochi la ngozi lilijaribu kuelea, likashindwa, likalala ubavu. Kioo kirefu kilionyesha mafuriko mara mbili. Na getini, Mungu hana haraka lakini hachelewi, fundi seremala alikuwa amesimama anauliza kama majaribio yamekwisha.

Nakshi alitorokea dirishani. Alipanda kilima kwa miguu, kwa sababu mwenye gari naye alikwisha kulipata gari lake. Njiani alikuwa na wazo moja tu: amwangukie mama mjane, alie, amrudishie nyumba yake ya maji naye arudishiwe ile ya mama yake. Alikuwa hodari wa kulia. Ila safari hii machozi yalianza yenyewe kabla hajafika, na hayo hakuyazoea.

Alibisha hodi kwenye mlango aliokulia. Ukafunguliwa na mzee mnene mwenye fulana iliyotoboka kwapani, mwiko mkononi.

"Mwenye Malori!"

"Malori gani tena?" mzee alisema kwa upole. "Mimi nauza mkaa."

Nyuma yake, kwenye sakafu nyekundu inayong'aa, mama mjane alikuwa amekaa amenyoosha magoti. "Huyu ni mdogo wangu, tumbo moja. Karibu, baba. Vua viatu, vinachuruzika."

"Mmeniibia! Nitawashtaki!"

"Kwa kosa gani? Mimi nilikuambia maji yanaingia. Nikakuonya mara mbili, na wakili alisikia. Uongo uliokuwapo katika ile nyumba uliupaka wewe mwenyewe, kwa brashi yako."

"Na mimi nilitaka kununua kweli," mdogo mtu aliongeza. "Sema pesa ndiyo sina."

Nakshi aliketi kizingitini. "Hii ni nyumba ya mama yangu," alisema, na lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolitamka tangu mwezi uandame.

Mama alimhurumia kweli, uso wake ulionyesha. "Basi usilie. Kuna chumba cha uani, nitakukodisha. Lakini kodi unalipa kabla ya kuingia, baba. Mji huu umejaa matapeli."

Nakshi alivua viatu, akakung'uta maji, akauliza ni kiasi gani.