Bawa la Ndege Ghalani

Jumatatu, 11 Juni 1979
Nimepata! Nimeokota bati zito, jeupe, kando ya barabara ya Biharamulo. Bila shaka ni bawa la ndege ya adui iliyoanguka vitani. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Kazimili, amekubali nifungue makumbusho ya usafiri na ndege ghalani. Ijumaa anakuja mgeni kutoka wilayani. Akipendezwa, mlinzi wa makumbusho ni mimi, na shamba la ujamaa nitalisikia kwa majirani tu. Mgongo wangu umefurahi kuliko mimi!

Jumanne, 12 Juni
Nimeongeza gurudumu la gari la ng'ombe. Usafiri huo! Nilimwomba jirani yangu Telesfori baiskeli yake, akacheka, akasema bawa langu amewahi kuliona misheni. Wivu mtupu. Nimemtuma Nshoma, kijana ninayelima naye shamba la kijiji, apige mbiu: keshokutwa, watu wote, makumbusho.

Alhamisi, 14 Juni
Umati! Lakini mbona wamebeba kuni? Mbona maharage? Mama Dafroza ameingia analia, akanikumbatia, akauliza marehemu ni nani. Kumbe Nshoma alipoulizwa makumbusho ni kitu gani, alijibu ni mahali pa kuwakumbuka waliotangulia.

Nilitaka kuwasahihisha. Kweli nilitaka. Ila maharage yalikuwa yameshaiva. Nikasema marehemu ni rubani wetu shujaa. Bawa la adui likawa letu papo hapo. Vilio hadi jioni! Nimekula sahani tatu.

Ijumaa, 15 Juni
Mgeni amefika. Amevua kofia mbele ya bawa, akasimama kimya. Nusura nipae! Akaagiza lisimamishwe wima, shujaa apate heshima yake. Wakaligeuza. Upande wa pili: kishikio. Na mpira kuzunguka ukingo wote. Telesfori, kwa upole wa kuudhi, akaeleza kwamba ni mlango wa friji ya misheni.

Mgeni akavaa kofia. Mama Dafroza akadai maharage yake. Mzee Kazimili akanivuta pembeni, akaniuliza neno moja tu: "Shilinde, jembe lako liko wapi?"

Jumamosi, 16 Juni
Shamba la kijiji tangu alfajiri. Nimelima matuta yangu na ya Nshoma, kwa hasira, hadi jembe likagonga chuma. Kirefu! Kizito! Kina kutu! Nimekifukia haraka Telesfori asikione.

Hii ni reli. Watu watasema Biharamulo treni haijawahi kufika. Ndiyo maana kipande hiki ni adimu! Kesho baada ya misa namwendea mwenyekiti.