Malalamiko Kuhusu Darmi Kusoma Mawazo Katika Klabu ya Dadu

Garsen

Kwa Mwalimu Danson,
Mlezi wa Klabu ya Dadu.

Mwalimu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepoa na mvua haijakuharibia barabara ya kutoka Ngao.

Ninaandika kwa heshima kuomba nguvu za akili zipigwe marufuku katika mchezo wetu wa mezani. Kama ujuavyo, kila mmoja wetu ana mhusika wake kwenye karatasi, Abduba anasimulia safari, na dadu huamua nani atapona. Mambo yalikuwa sawa hadi Abduba alipomruhusu mhusika wa Darmi kusoma mawazo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nguvu hizi hazina jasho. Mganga wangu akitaka kuwasha moto, lazima awe na jino la kiboko, majani ya mkoma, na maneno ambayo mimi ndiye ninayeyakariri. Mhusika wa Darmi hufumba macho tu.

2. Zinaharibu vita. Tulipolifikia joka la mtoni nilikuwa nimeutunza moto wangu muhula mzima. Darmi akasoma mawazo ya joka, akatutangazia kwamba lina upweke tu. Sasa tunatembea nalo. Linabeba mizigo.

3. Zinavunja adabu. Juzi tuliigiza kikao cha malka, ile njia ya mifugo kwenda mtoni kupitia mashambani. Mimi nilikuwa mzee wa wakulima, Darmi upande wa wafugaji. Wewe unajua kikao kama hicho kinavyokwenda: watu husalimiana, huulizana habari za ng'ombe, za mahindi na za mvua, chai huzunguka, kisha mzee hukataa kwanza ili aombwe. Kabla sijapata nafasi ya kukataa, Darmi akasema, "Mzee, njia umeshatukubalia tangu jana. Unangoja tukusihi tu."

Ilikuwa kweli, nami nilikuwa nimeshaiandika kwenye karatasi yangu. Lakini hata chai ilikuwa haijamiminwa. Nikamwita mwizi wa mawazo mbele ya klabu nzima, na sioni kosa langu. Tangu hapo amehamia dawati la mbele.

4. Zitatoka nje ya mchezo. Leo ni mzee wa mashamba, kesho ni wewe unapotunga mtihani. Baadaye chifu hatahitaji baraza, mahakama haitahitaji mashahidi, wala nyanya yangu hatakuwa na sababu ya kupiga simu. Kaunti nzima itakaa kimya, watu wakitazamana.

Kwa hiyo naomba marufuku ianze kabla ya Jumamosi, tunapocheza tena.

Wasalimie wote nyumbani, walimu wenzako, mpishi wa shule, na Abduba pia ukimwona, ingawa alikosea.

Mimi mwanafunzi wako mtiifu,
Rachael Hiribae,
Kidato cha Pili.

Tanbihi: Mwalimu, kama bado hujazipiga marufuku, naomba usubiri kidogo. Darmi hanisemeshi, nami naona haya kumwomba msamaha kwa mdomo. Kwa hiyo wakati wa somo mimi hukaa nyuma yake, hufumba macho na kumwomba kwa mawazo. Hadi jana hakugeuka. Leo baada ya mapumziko nimekuta nusu ya mahamri yake juu ya dawati langu. Ningependa apewe muda asikie na yaliyobaki.