Udongo wa Kopo Namba Saba

Ijumaa, 9 Januari 2015

Redio imesema wanasayansi wa ng'ambo wamepata dawa mpya ya kuua vijidudu. Wameipata kwenye udongo. Udongo wa shamba, wa kawaida kabisa! Kuna bakteria humo anatengeneza sumu ya kuwafukuza majirani zake, na sumu hiyo kwetu ni dawa. Mimi Badru, mwalimu wa Baiolojia, mzaliwa wa Pangani, nina miaka minne hapa Kasulu. Udongo wa huku umefanya viatu vyangu viwe vyekundu mpaka kwenye kamba. Sijawahi hata siku moja kuuliza mle ndani wanaishi akina nani.

Nimemwona Crispin wa maabara ya hospitali. Ana safari ya Dar, basi la Jumamosi tarehe 24, na anamjua profesa anayechunguza vijidudu vya udongo. Atabeba kopo moja tu, begi lake dogo. Kopo hilo litakuwa langu.

Jumatatu, 12 Januari

Nimechimba sehemu kumi na mbili. Makopo kumi na mawili ya mafuta ya kupaka, kila moja na namba yake. Majina ya mahali sijaandika, nimeyaweka kichwani. Madam Loyce wa Kemia ameniuliza kwa nini. Nikamjibu kuwa mwizi hawezi kusoma kichwa. Yeye ni wa Munanila, kakulia shambani, na najua naye ameshasikia habari za Crispin. Kusema kweli, kopo namba mbili limetoka kwenye bustani yake. Nilichimba alipokuwa anafundisha kidato cha pili. Ardhi ni mali ya umma.

Alhamisi, 15 Januari

Shule haina chakula cha kuoteshea bakteria. Nimechemsha kongoro mpaka mifupa ikabaki mitupu, nikachuja, nikamimina kwenye visahani kumi na viwili vya mke wangu Mwamvua, vile vya harusi. Baridi ya huku imegandisha mchuzi bila friji. Pangani ungebaki supu. Juu nimepaka mtindi, maana bakteria wake ni wapole, na katikati nimeweka chembe ya udongo. Kama humo yumo mtengeneza dawa, wa mtindi hawataota karibu naye.

Mwamvua ni mjamzito wa miezi mitano na hana subira. Ameuliza wageni wakija watawekewa vikombe juu ya nini. Nimemwambia juu ya meza.

Jumapili, 18 Januari

Visahani kumi vimeota ukungu. Kimoja paka amekilamba, na anaendelea vizuri. Kimebaki namba saba. Utando mweupe umeenea kisahani kizima, ila kuzunguka ile chembe kuna duara safi, upana wa sarafu ya shilingi mia. Nimekaa nalo saa nzima. Kiumbe asiyeonekana amechora mpaka, na maelfu ya wenzake wameuheshimu. Kazi hii wanaifanya tangu kabla ya babu zetu, sisi tunapita juu yao na majembe. Nimefurahi mpaka macho yakalowa.

Mwamvua naye alilitazama kwa muda. Akauliza huyo mdogo anaogopa nini hata awafukuze wenzake wote. Nimelifikiria swali hilo mchana kutwa.

Jumanne, 20 Januari

Balaa. Kopo namba saba ni tupu. Mwamvua amekiri kuwa udongo ameula. Vidonge vya kliniki vya kuongeza damu anameza, lakini hamu ya udongo haimwachi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimkaripie, nikaona kwanza nimuulize anajisikiaje. Anajisikia vizuri kuliko mimi.

Basi nikasema nitachimba mwingine palepale. Palepale wapi? Saba ilikuwa Makere, au kando ya tanuri la matofali? Nikazunguka sebule. Ndipo Mwamvua akaniambia nisijisumbue. Udongo wangu wa namba saba aliumaliza siku ileile nilipouleta. Uliokuwamo Alhamisi ni wa sokoni, wa Mama Esteri. Aliujazia humo ili nisigundue.

Jumatano, 21 Januari

Mama Esteri anauza udongo wa kula, vibonge vya rangi ya chai ya maziwa. Nimemuuliza anachimba wapi. Akaniuliza na mimi nina miezi mingapi. Wateja wake wakacheka. Akasema mahali pale hata mumewe hapajui, maana akimtajia mtu mmoja, kesho sokoni watauza kumi. Uchoyo wa namna hii ndio unaoirudisha nchi nyuma.

Nikanunua kibonge, nikakipeleka kwa Crispin. Amekikataa. Profesa hapokei udongo usio na jina la mahali, kwa sababu akipata kitu atakwenda wapi kuchukua mwingine?

Ijumaa, 23 Januari

Nimeomba ruhusa shuleni kwamba naumwa. Nimemfuata Mama Esteri kwa siri, nikiwa na koti la mvua na kofia ya pama. Kisimani, kanisani, bondeni, kilimani, saa tatu nzima. Mwishowe, bila hata kugeuka, akasema mwalimu kama amechoka apumzike, yeye leo anakwenda kumsalimia dada yake. Nimerudi peke yangu na nimeteleza mtaroni. Kesho nitaandika tu "Makere". Nani atajua?

Jumamosi, 24 Januari

Stendi nimewakuta Madam Loyce na Mama Esteri wanaongea Kiha na kucheka. Jana jioni Loyce, aliyesikia habari zangu kwa Crispin, alikwenda kwa Mama Esteri, akamsalimia, akamweleza habari yote ya duara, akamwahidi kuwa jina lake litaandikwa. Mama Esteri akampeleka mwenyewe mpaka kwenye shimo. Kopo lina mahali, kina na tarehe. Mwenye udongo: Esteri. Na chini: "Duara lilionwa kwanza na Mwalimu Badru."

Crispin akalitia begini. Kibonge changu kilibaki mfukoni. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, maana jina langu ni la mwisho na herufi zake ni ndogo. Loyce akasema majibu yakija tutayasoma sote watatu.

Jumatatu, 26 Januari

Nimetafakari siku mbili na kosa nimeliona. Niliongea na watu wengi mno.

Leo tulikuwa tunakwenda Kibondo kwenye semina ya walimu, gari likapata pancha. Nikashuka. Pembeni ya barabara udongo mweusi, mlaini, una harufu ambayo sijawahi kuikuta. Humo lazima yumo mtu. Nimejaza kopo upesi kabla Loyce hajashuka. Safari hii hata namba sijaweka. Mahali napajua mimi peke yangu, na humu siandiki, maana madaftari husomwa. Ni baada ya daraja la pili. Au la tatu. Madaraja ya njia ile yanafanana sana, lakini nikipaona nitapajua.