Jiko la Sita Mashariki

Jumatatu, 14 Julai
Baridi ya Kitale imekosa adabu. Alhamisi kuna mtihani wa kuchagua mwanafunzi wa kwenda shindano la hisabati Bungoma. Mwalimu wake ataandamana naye, na huko walimu hulishwa kuku. Mimi nina Joy, msichana mwenye akili kali na kifua kibovu. Mwalimu Nekesa wa darasa la Sita Magharibi ana Mukhwana. Mukhwana! Mtoto anayehesabu kwa vidole vya jirani. Kazi yangu ni kumkinga Joy na baridi tu. Nimefunga madirisha yote, nikaziba nyufa kwa magazeti.

Jumanne, 15 Julai
Nimeleta jiko la makaa kutoka nyumbani, nikaliweka karibu na dawati la Joy. Joto tamu! Kufikia saa nne nusu ya darasa imesinzia. Wengine wanalalamikia kichwa. Joy amekohoa mpaka akatoa machozi, kisha akaandika kwamba saba mara nane ni arobaini. Nimewakemea kwa kunywa uji mwingi. Nekesa akafungua mlango bila kubisha.
"Mwalimu Ngige, hawa watoto hawajashiba, wamekosa hewa. Hiyo jiko itawamaliza, bana."
Wivu mtupu. Amenusa kuku.

Jumatano, 16 Julai
Madam Rahab, mwalimu mkuu, ameamuru jiko litoke. Najua nani kasema. Lakini madirisha hakuyataja, kwa hivyo nimeyaacha yalivyo. Ili hewa iwe safi nimepuliza marashi ya mke wangu, chupa nzima. Joy akashikwa na kifua. Akawa anavuta pumzi haiingii. Niliogopa sana. Nekesa akamtoa nje, akamkalisha wima mpaka pumzi ikarudi. Madam Rahab ameagiza Joy asome kwa Nekesa, kando ya dirisha lililo wazi. Baridi yote hiyo! Jioni mke wangu Wamboi ameuliza marashi yake yako wapi. Nimelala na njaa.

Alhamisi, 17 Julai
Joy amefanya mtihani kwa Nekesa, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Hakukohoa. Amepata zote! Nikaruka kwa furaha mbele ya ofisi. Halafu Madam Rahab akasema kwamba aliyemwezesha kupumua ndiye atakayempeleka Bungoma. Kuku wangu!

Jumamosi, 19 Julai
Joy amekuwa wa pili. Nekesa amepiga simu, na nyuma yake nasikia sahani. Nimemwomba Joy azungumze nami, nikamuuliza siri yake.
"Mwalimu, huku kwa Madam Nekesa kuna hewa. Kichwa hainiumi tena."
Mtoto mnyenyekevu, hataki kujisifu. Nimewaza jioni nzima, na jibu nimelipata. Ni lile dawati analokalia kwa Nekesa! Jumatatu nitawahi mapema, nilihamishie darasani kwangu. Nitaongeza magazeti kwenye nyufa, lisije likapigwa na baridi.