Mpingo Chini ya Landrova

Jumatatu, 3 Novemba 1975

Daftari langu, unisamehe. Tangu Juni sijakufungua. Si uvivu. Augustino anaota meno, na kila nikinyoosha mkono kuchukua kalamu najikuta nimeshika nepi. Sasa amelala. Nawahi.

Wifi Euphrasia alikuja leo. Ni dada wa mume wangu, anakaa Ilala, na hajawahi kufika hapa Kariakoo bila jambo. Ati Jumamosi yeye na mumewe Aristides wanaenda kusini na pikapu yao. Watapita Ndanda kwa mama yangu, wamchukue binti yangu Severa, wamlete. Mvua zikianza barabara inafungwa, na ikifungwa ndiyo mpaka mwakani.

Nikakataa. Palepale, hata chai hajamaliza.

Nilipompeleka Severa kwa bibi yake, mimba ya Augustino ilikuwa inanisumbua, nilimshika mashavu nikamwambia: nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe. Mama yako. Si mtu mwingine. Alitikisa kichwa kama mtu mzima aliyekubaliana na mtu mzima mwenzake. Neno kama hilo sivunji kwa ajili ya kupakiwa mtoto kama gunia.

Wifi akasema mtoto hajali gari la nani, anajali kufika. Halafu, kwa upole wake ule unaochoma, akanikumbusha kwamba gari letu lilishindwa Juni.

Ni kweli, lilishindwa. Tulivuka Kibiti tukanasa. Magari makubwa yalikuwa yamechimba njia mbili za magurudumu na kuacha tuta refu katikati. Landrova yetu ina lile dude la chuma lenye tumbo, kwenye ekseli ya nyuma, yaani mti wa chuma unaounganisha magurudumu; dude hilo mafundi wanaliita difu. Basi difu likakaa juu ya tuta, magurudumu yakabaki yananing'inia kama miguu ya mtoto aliyekalishwa kiti cha wakubwa. Trekta la kijiji lilituvuta. Kinyumenyume! Wanafunzi wakiimba.

Gari letu ni fupi, ndilo kosa lake. Nimeamua. Linainuliwa.

Kasmir, mume wangu, nimemwambia wakati anakula. Anabebea watu vitanda na makabati kwa hilo gari, analijua. Alitafuna muda mrefu kisha akasema gari linahitaji betri.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeenda Gerezani kwa fundi Shomari, Augustino mgongoni. Nikamwambia nataka gari liinuke. Akaniuliza ninataka kuinua nini hasa. Nikamjibu: fundi, gari! Akanitazama kidogo, akafuta mikono, akasema sawa, mama, gari.

Kumbe njia ni tatu. Ya kwanza, kuongeza jani la chuma kwenye springi, lakini safari nzima utakuwa kama umepanda kinu. Ya pili, kubadilisha vyuma vinavyoshika ncha za springi, kuweka virefu. Gari linapanda, ila kwenye kona linayumba kama mlevi. Ya tatu, kuingiza pande la chuma kati ya ekseli na springi, ukafunga kwa yubolti ndefu, zile bolti zilizopinda kama kwato. Hiyo ya tatu nikaipenda mara moja. Kitu kikiwa kifupi unakiwekea kitu chini. Hata meza yangu imesimama hivyo.

Tatizo: pande la chuma hakuna. Majani ya springi hakuna. Dukani wanasema meli haijaja, fedha za kigeni hakuna, rudi mwezi ujao. Shomari akasema tungoje.

Severa angoje nini? Mama aliniandikia kwamba jioni mtoto anakaa barazani anaangalia barabara.

Nikiwa njiani kurudi, napita Mnazi Mmoja, nikapata akili. Mpingo!

Alhamisi, 6 Novemba

Mjomba Filbert, ndugu wa mama yangu, anachonga vinyago karibu na Mnazi Mmoja. Mpingo anao. Sisi watu wa kusini hatuhitaji kuelezwa mpingo ni nini. Huo si mti, ni chuma kilichoamua kuota majani. Unazama majini. Unavunja shoka.

Nikamwomba vipande viwili tu vya nyuma, kwa kuwa gogo lenyewe halitoshi vinne. Vipande vya kawaida, Mjomba. Kama matofali. Akasema sawa, tofali.

Shomari nilimpelekea habari. Akasema mbao haweki chini ya gari. Nikamwambia mpingo si mbao. Yeye Mzaramo, mwana wa minazi, atajuaje? Tukabishana mpaka Augustino akaamka akalia, na Shomari akakubali ili mtoto anyamaze. Kumbe mtoto naye ana kazi yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Lo! Mjomba hawezi tofali.

Nimekuta vipande vimekamilika, saizi barabara, juu na chini bapa kabisa. Lakini ubavuni! Watu! Watu waliobebana, mmoja juu ya bega la mwingine, wengine wamekumbatiana viuno, mwingine ana mtoto mgongoni, na chini kabisa mmoja amejikunja kawabeba wote. Ujamaa mtupu, kama vile vinyago wanavyouziwa wazungu. Nikasema Mjomba, hivi vinaenda kwenye tope. Akasema mkono ulikuwa unaenda wenyewe, na tofali amejaribu, tofali halina maana.

Shomari amefunga. Nyuma limepanda sawasawa. Mbele halikupanda, bila shaka. Kwa hiyo gari limeinamisha kichwa kama mbuzi anakunywa maji. Kasmir amelizunguka, amelizunguka tena. Akauliza taa sasa zitamulika nini, sisimizi?

Nikamwambia tunasafiri mchana.

Jumamosi, 8 Novemba

Asubuhi mtaa mzima umechungulia chini ya gari. Mtu akachekesha wenzake kwamba hatimaye ameona Ujamaa unabeba kitu. Habari zikamfikia balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Bushiri. Akaja na kofia yake. Shida yake ilikuwa hii: taswira ya ndugu kushirikiana kuwekwa chini ya gari la mtu binafsi, ni heshima au ni dharau? Alipiga magoti akaangalia, akainuka, akasema hajui. Nikamkumbusha nani alibeba kitanda cha shangazi yake bure. Akasema basi kwa sasa ni heshima.

Mara pikapu ya wifi ikasimama. Walikuwa ndiyo wanaondoka, Aristides kwenye usukani, nyuma wamefunga mikeka, maji, na jembe. Jembe! Watu wanaenda safari na jembe kama wanaenda shamba. Nilicheka moyoni.

Wifi akashuka, akachuchumaa nyuma ya gari letu na kanga yake nzuri. Halafu akasema, mama Severa, mbona lile dude la chini liko palepale?

Nikamwambia anaona hivyo kwa sababu yeye ni mfupi.

Akauliza tena, kwa mara ya mwisho, wamchukue mtoto? Nikasema hapana, Jumatatu naondoka mwenyewe. Akanishika bega. Afadhali angenisonya.

Jumapili, 9 Novemba

Kabla ya safari lazima kujaribu. Baada ya misa tukaenda kwenye soko jipya ambalo bado halijafunguliwa, mafundi ujenzi wameacha pale tuta la mchanga. Refu kiasi, kama lile la Kibiti. Nikamwambia Kasmir pita juu yake, tuone.

Kapita. Yaani kafika nusu. Difu likakaa juu ya mchanga, magurudumu yakaning'inia.

Nilipiga magoti na nguo ya kanisani. Jamani. Bodi iko juu, inapendeza, watu wa mpingo wamebebana vizuri, hakuna aliyelegea. Na difu liko palepale. Liko kwenye ekseli, na ekseli haijui kama bodi imepanda. Nimemwinua mtu mabega nikaacha tumbo lake chini.

Tukachimba kwa masufuria niliyokwisha kupakia ya safari. Tukachimba kwa mikono. Saa nane ikagonga, na Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi ni marufuku barabarani. Askari akaja na daftari lake. Akauliza nani anaendesha gari hili. Kasmir akajibu afande, liangalie vizuri, kuna mtu anaendesha? Askari akaliangalia. Magurudumu hewani, kichwa chini. Akafikiri sana, maskini, akasema basi lisiendeshwe mpaka kesho.

Tumerudi kwa miguu. Kasmir amembeba Augustino, mimi masufuria.

Jumatatu, 10 Novemba

Ilikuwa leo niondoke.

Gari limevutwa mpaka Gerezani. Kumbe wakati linavutwa kutoka mchangani ekseli ilishuka zaidi kuliko mpira wa breki unavyoweza kunyooka, ukakatika. Mpira mpya hakuna, meli haijaja. Nikamuuliza Shomari kwa nini hakuniambia difu halitapanda. Akasema, mama, nilikuuliza unataka kuinua nini, ukasema gari. Difu linapandishwa na matairi makubwa. Nikamuuliza matairi makubwa yako wapi. Akacheka, na mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya gereji nikalia kidogo, Augustino ananivuta hereni.

Shomari amevitoa vile vipande. Havina hata mkwaruzo. Nimevileta nyumbani kwenye kapu, juu ya mchicha.

Wingu limekaa upande wa kusini. Sikulitazama mara mbili.

Ijumaa, 14 Novemba

Severa amekuja.

Nilikuwa nafua. Pikapu ya wifi ikasimama, imepakwa tope mpaka madirishani, na mvua imeanza nyuma yao, wamepita mwishomwisho. Wifi akateremka na mtoto. Sikumtuma. Nilimkatalia mara mbili. Nilitaka kumgombeza, macho yakaenda kwa mtoto.

Mtoto amerefuka. Amejificha kwenye kanga ya shangazi yake. Nikamwambia Severa, njoo kwa mama. Akaangalia mikono yangu yenye povu, akasema kwa adabu kabisa: shikamoo, shangazi.

Nikaitikia marahaba. Ningeitikia nini?

Wifi hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka, sijui. Alikaa chini akanisaidia kukamua nguo, akaniambia pale Kibiti nusura wanase. Aristides akashuka na jembe, akatembea mbele ya gari akilikata lile tuta, taratibu, asubuhi nzima, yeye na watu wa kijiji. Ndiyo hivyo tu walivyopita. Halafu akasema: nilimwambia mtoto, mama yako ndiye amenituma.

Nimemkatia wifi nusu ya samaki wangu. Upande wa kichwa.

Jumapili, 16 Novemba

Siku mbili Severa alikula kwa adabu, akaniita shangazi, akalala ameupa ukuta uso. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu kwamba hapa kwetu mtoto hulala ameoga, na nikamwogesha, akakubali.

Leo asubuhi akaviona vile vipande vya mpingo mlangoni. Akakaa navyo. Akaanza kuwapa majina wale watu, kidole kimoja kimoja. Huyu bibi. Huyu babu. Huyu shangazi Euphrasia. Huyu mwenye mtoto mgongoni ni jirani. Nikamuuliza, na mama je? Akavigeuza, akatafuta, akafika kwa yule wa chini kabisa aliyejikunja kawabeba wote. Akasema, mama huyu hapa. Kisha akaniangalia, kama anapima, akauliza kama amechoka.

Nikasema kidogo tu.

Akaja akakaa mapajani. Augustino akalia wivu. Acha alie.

Sasa vipande havitoki mikononi mwake, amevifunga kitambaa, analala navyo. Na mimi nimekaa nikafikiri sana juu ya mambo yote haya, makosa yangu yalikuwa wapi. Nimeyaona. Kosa ni kwamba tuliinua nyuma peke yake! Tungeinua na mbele, gari lisingeinamisha kichwa, na difu lingepata moyo. Sitaki kusikia habari za jembe. Juni barabara ikifunguliwa, naenda Ndanda kumchukua mama yangu aje awaone wajukuu, na nitamfuata mimi mwenyewe. Nimeshamwahidi kwenye barua itakayopanda basi la kwanza, na mwisho wake naunakili hapa.

Mama, vilivyobaki ambavyo naomba unitumie ni hivi: gogo la mpingo la kutosha vipande vinne, nene kuliko la Mjomba, tena lisipitie kwa Mjomba akaliona, mpira wa breki, kama misheni wanao wa zamani, kile kikombe cha bati cha Severa, hataki chetu, na doli lake la gunzi, lile lisilo na mkono, analiulizia kila jioni, na mimi nimemwambia nitakwenda kulichukua mwenyewe.