Falkenor Haichujwi

Jumatatu, 4 Novemba

Siku mbaya. Mzee Andongwisye, mwenyekiti wa kamati ya kalenda ya kanisa, amepita studio na kukataa kiti. Amesema kalenda ya mwaka huu, niliyoipiga mimi, imeleta malalamiko kuanzia hapa Tunduma hadi Hasamba. Eti mzee wa kanisa wa mwezi Aprili anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Ya mwaka ujao huenda akapewa Ketrina. Ketrina! Kibanda chake kinatazamana na changu, ubao wake kauandika kwa mkono, na flashi yake ni ya kampuni ambayo hata muuzaji anaona aibu kuitamka.

Nimemsihi. Nimesema tatizo si mpiga picha, ni taa. Mwishowe amekubali tushindanishwe Jumamosi ukumbini. Kila mmoja atampiga picha Bibi Alinanuswe, mkongwe wa kwaya ya akina mama, na kamati itachagua.

Jenista, mke wangu, alikuwa anasikiliza. Chumba hiki cha studio aliachiwa na marehemu mjomba wake. Amesema kwa upole kabisa kwamba kalenda ikinipita, cherehani zake zinatoka barazani na kuingia humu. Nimemwambia asiwe na haraka. Amechukua futi kamba akaanza kupima ukuta.

Jumanne, 5 Novemba

Dawa imepatikana. Falkenor!

Nimeiona kwenye video ya mpiga picha mmoja wa Ulaya. Kila anayemulikwa na Falkenor anaonekana ametoka kula vizuri. Taa nyingine zinamulika tu. Falkenor inaheshimu sura ya mtu. Nimemweleza Jenista. Ameniuliza kama mwanga, ukishatoka kwenye taa, unakumbuka uliundwa na kampuni gani. Hilo ni swali la mtu anayeshinda akipinda mapindo ya sketi.

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa Lucky, binamu yake Jenista, anayeuza vifaa vya picha. Huniita mulamu, yaani shemeji kwa Kibemba. Leo kaniita mulamu mara saba. Anayo Falkenor moja, ya mwisho mpaka huu wote. Tumebadilishana: yeye kachukua flashi zangu mbili za zamani pamoja na ule mwavuli mkubwa mweupe wa kulainisha mwanga, ambao Jenista aliutia kiraka cha buluu. Mwavuli nimeutoa kwa moyo mweupe. Kazi yake ni kuficha aibu ya taa za bei rahisi. Lucky ameniuliza mara mbili kama nina uhakika. Kijana mwaminifu sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Falkenor ni nzito. Jina lake lina herufi za fedha zinazosomeka kutoka barabarani. Nimeiweka jina likimwangalia mteja, na wateja wanakaa wima wenyewe.

Dereva mmoja wa lori, aliyekwama kwenye foleni ya mpakani, alikuja kupiga pasipoti. Amelalamika kwamba pua yake imetupa kivuli shavuni kikubwa kuliko pua yenyewe. Nikamweleza kwamba hicho ni kina, sifa ya Falkenor. Akaniomba nimpe picha isiyo na kina. Sikuwa nayo. Akavuka barabara kwa Ketrina.

Jenista anadai taa ni ndogo na nimeiweka mbali, ndiyo maana inachoma kama jua la saa saba. Kwamba mwavuli ulikuwa unautandaza mwanga. Nimemuuliza ameyasoma wapi hayo. Amesema hajayasoma popote, ameyaona kwenye uso wa dereva.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Jioni nimemwona Ketrina anarudi kutoka Nakonde na kifurushi kirefu. Alipokifungua, kiraka cha buluu! Mwavuli wangu! Kayasafiria makombo yangu. Nilivuka barabara nikampa hongera. Akanishukuru kwa kuutunza vizuri. Masikini, hata kuchekwa hajui.

Mpango wa kesho: mashindano ni saa nne. Nitafika saa nne kasorobo, niwahi kuiambia kamati habari za Falkenor kabla hawajaona picha yoyote. Simu nimeitegesha.

Jumamosi, 9 Novemba

Simu hiyo.

Nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka mpakani. Alfajiri simu ilidaka mnara wa Zambia na kurudi nyuma saa moja. Miaka kumi na miwili niko Tunduma. Wageni wakikosa basi kwa sababu hiyo huwa nawacheka, na mwezi uliopita nilimcheka mchungaji. Nimefika ukumbini nikipiga mluzi, najiona nimewahi. Kumbe ni saa tano kasorobo. Kamati nzima imekaa, Bibi Alinanuswe anapiga miayo, na Ketrina ameshamaliza, anakunywa chai waliyoniandalia mimi.

Mzee Andongwisye aliangalia saa yake ya mkononi, halafu akaniangalia mimi. Akanipa dakika kumi. Ketrina, bila kuombwa, akasema nitumie mwavuli wake, tayari umesimama karibu na Bibi. Nilikataa mbele ya mashahidi. Nilitamka kwamba Falkenor haichujwi. Nikaisimamisha kule mlangoni, maana ndipo kamati yote ingeweza kusoma jina. Nikapiga moja. Moja inatosha.

Picha zikachapishwa saizi moja, majina yetu yakaandikwa kwa penseli nyuma, zikawekwa mezani bila kusema ipi ni ya nani. Ya kwanza: Bibi katulia, macho yana uhai, karibu afungue mdomo aimbe. Ya pili: paji la uso linang'aa kama sahani yenye mafuta, kivuli cha pua kimeziba mdomo, na ukutani nyuma yake kuna bibi mwingine mweusi tii ambaye hajabatizwa.

Mzee aliuliza kama tuna la kusema. Nikasimama wa kwanza. Nikainua ile ya kwanza nikasema wazee wangu, hii ndiyo Falkenor, tazameni inavyoheshimu makunyanzi ya mama zetu. Nikainua ya pili kwa ncha za vidole. Nikasema, kwa huruma, hivi ndivyo taa za ovyo zinavyowatendea wazazi wetu, na kwamba mtu wa namna hii hafai kukaribishwa hata kwenye ubatizo. Bibi Alinanuswe aliitikia kila neno. Alisema mpiga picha huyo asimsogelee tena maisha yake yote.

Mzee Andongwisye akazigeuza.

Kamati ilinishukuru kwa kuwarahisishia uamuzi. Niliumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma. Nilirudi kwa njia ya nyuma ya soko, nimebeba taa begani, na niliona aibu hata mbele ya wauza nyanya wasionijua.

Jumatatu, 11 Novemba

Cherehani tatu zimeingia. Jenista amezipanga mwenyewe kwa futi kamba. Ameniachia kona nyuma ya mlango kwa picha za pasipoti, ila nikikohoa tu, nyuzi zinapeperuka.

Mchana kulikuwa na joto, na pasi ya Jenista iko karibu na taa yangu. Herufi za fedha zikaanza kukunjamana. Kumbe ni stika. Nikaibandua taratibu. Chini yake kuna jina lilelile la ile flashi ya Ketrina. Herufi kwa herufi.

Jenista aliliona. Akazima pasi, nadhani alitaka kunifariji. Mtu mwingine angelia hapo.

Mimi nimeelewa papo hapo. Jumamosi sikushindwa na taa dhaifu hata kidogo. Tulikuwa na taa ileile, na yangu ilikuwa na jina la ziada. Majina mawili dhidi ya moja, na bado matokeo yakawa vile. Maana yake ni kwamba mawili hayatoshi.

Nimebandika stika mahali pake kwa gundi ya Jenista. Kesho asubuhi navuka kwa Lucky kuuliza kama anayo ya jina la tatu.