Friza Yangu Matopeni

Jumatatu, 9 Machi

Dharau! Redio imetangaza kwamba kwenye tamasha la muziki magari yote yataishia uwanja wa maegesho. Kutoka hapo mpaka kambini, kila mtu abebe mzigo wake. Abebe! Kichwani! Mgongoni! Mimi, fundi wa majokofu, mwenye karakana yangu na jina langu kwa rangi nyekundu juu ya mlango, nipite mbele za watu na godoro kichwani kama nahamishwa kwa nguvu.

Mke wangu anasema kila mmoja achukue begi moja, yaishe. Kaka yake akaunga mkono papo hapo. Huyu ndiye shemeji yangu, dereva wa pikapu, na ndiye atakayetupeleka. Tangu nimwoe dada yake sijawaona hawa wawili wakipingana mbele yangu hata mara moja. Shemeji anasema yeye anakwenda na kihema kidogo, blanketi na mswaki. Mtu anajisifia kukosa vitu!

Hawaelewi kwamba safari hii si ya kawaida. Mama mkwe anakwenda. Jumamosi alasiri atapiga Mzee Nyuzi, yule mpiga gitaa aliyetumbuiza kwenye harusi yake enzi hizo, kisha akaacha muziki kabisa. Sasa anapiga mara moja tu, kuaga. Tangu mama mkwe asikie habari hiyo anaimba jikoni, na miguu yake ilivyo mibovu, juzi nilimkuta anacheza na mwiko.

Nimeapa moyoni. Mama huyu atalala kwenye godoro la kweli. Atakunywa soda ya baridi, baridi ya kuumiza meno, katikati ya uwanja ambamo wengine wote watakunywa uvuguvugu. Watu watauliza: huyu mkwe ni wa nani?

Mpango ninao.

Jumanne, 10 Machi

Siku ya ufundi! Kwenye kona ya karakana ipo friza ya kulala, ile ya mwenye bucha. Kompresa ilikufa akaniambia nikaitupe. Nitupe! Nimeing'oa kompresa, imekuwa nyepesi kama unyoya. Unyoya wa ndege mkubwa sana, lakini unyoya.

Nimeifunga magurudumu. Ya mbele yametoka kwenye kigari cha mtoto, ya nyuma kwenye kiti cha ofisi cha kuzunguka. Hayalingani kimo, kwa hiyo friza inatazama juu kidogo. Ina heshima yake. Nimeweka mpira mpya wa mlango na kuziba lile tundu la chini la kutolea maji. Nimejaza maji, nimesubiri, nimepapasa chini: hata tone. Kazi yangu haivuji. Mwisho nimeandika ubavuni jina langu, "Fundi Baridi", na namba ya simu, herufi kubwa. Watu wote wale uwanjani wapite bila kujua fundi ni nani? Ujinga.

Shemeji alipita jioni. Akaizunguka mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza mbona imeinua pua, kuna kitu inanusa? Halafu akasema, "Shemeji, hii ikikutana na tope, utalia." Nikamjibu kwamba wivu hauna dawa.

Mke wangu aliinama ndani, akatoka haraka. Anasema inanuka maini. Nimemwambia hiyo ni harufu ya mpira mpya.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Hainihusu.

Alhamisi, 12 Machi

Majaribio. Juu ya sakafu ya karakana friza imeteleza kama maji kwenye jani la myugwa. Inapenda kwenda kushoto, basi mimi nitasimama kulia. Ndoa ngapi zinaishi hivyo hivyo?

Nimepakia mwenyewe, sikutaka mkono wa mtu. Chini kabisa godoro la mama mkwe, mablanketi na hema letu. Juu yake soda na maji. Juu ya yote barafu, mabonge kwa mabonge. Nikifika ni kuinua mlango na kugawa tu, hakuna kupekua. Mke wangu akauliza barafu ikiyeyuka maji yatakwenda wapi. Nikamweleza kwa utulivu habari za ukuta wa friza na jinsi ubaridi unavyohifadhiwa. Nilipofika sehemu tamu nikagundua ameshatoka kuanua nguo.

Mvua bado. Kelele za vyura!

Ijumaa, 13 Machi

Nimeonewa leo na binadamu, na udongo, na wanyama.

Kwanza kuipandisha kwenye pikapu. Wanaume wanne. Mmoja akauliza ndani kuna maiti? Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Njia nzima aliendesha taratibu kama tuko msibani, akilalamika kwamba gari linainuka mbele.

Tumefika maegesho. Hapakuwa na uwanja. Palikuwa na uji. Watu wamevua viatu, wanapita na vibegi mgongoni wanaimba. Mlinzi wa lango, mrefu, koti la mvua mpaka vifundoni, akaniuliza hicho nini. Nikasema ni begi.

"Begi lina mpira wa mlango?"

Nikamwambia mabegi siku hizi ni ya kila aina. Akanitazama kwa muda, akatazama maandishi ubavuni, akasema nipite kama naweza.

Nilikwenda hatua tatu. Magurudumu ya kigari yakazama. Nikasukuma. Ya kiti yakazunguka yakatazamana, kisha nayo yakazama. Friza ikakaa kitako kwenye tope kama mgeni aliyeamua kulala. Nikamwita shemeji. Shemeji alikuwa keshavaa kibegi chake, amemshika mama mkwe mkono. Akasema anamsogeza mama mahali pakavu kwanza. Tazama mbinu za mtu huyo!

Basi, nikasema, tutoe hema hapa hapa. Nikainua mlango.

Haikuvuja hata tone. Naandika hili kwa ajili ya haki. Barafu yote ilikuwa imekuwa maji, na maji yote yalikuwa mle ndani, mpaka juu. Soda zilikuwa zinaelea. Godoro la mama mkwe lilipanda juu polepole kama kiboko, likinuka maini.

Hapo mbwa wakaja. Sijui walitoka wapi. Walikaa duara, kimya, kwa adabu, wakinitazama kama ninayetarajiwa kuhutubia.

Mke wangu alichukua soda moja, akaionja, akasema, "Ya moto." Akaenda kulala kwenye pikapu na mama yake. Shemeji yuko kwenye kihema chake kikavu, naye anakoroma kwa makusudi. Mimi nimelinda mali.

Jumamosi, 14 Machi

Nina tope mpaka ndani ya masikio. Lakini ngoja historia iandikwe na aliyekuwepo.

Asubuhi mke wangu alisema niiache friza hapo, twende sote tukamtafutie mama mahali pa kukaa karibu na jukwaa. Niiache! Mbele ya watu wote! Nikamwambia watangulie. Akasema maneno mafupi ambayo yamenikaa: mama yake hakuja kuona friza. Wakaondoka. Shemeji alimbeba mama mkwe mgongoni, na mama mkwe, badala ya kuona haya, anapunga mkono kama bibi harusi. Moyo uliniuma. Ule mgongo ulipaswa kuwa wangu. Lakini mali?

Mchana akapita mwenye trekta, anavuta magari yaliyonasa. Alikubali kunivuta kwa soda. Alipoionja alibadilika uso, ila muungwana hageuki. Akafunga kamba, akavuta.

Magurudumu yakabaki kwenye tope. Friza ikatoka! Na bila magurudumu ikateleza! Iliserereka nyuma ya trekta laini kama sabuni, mbwa wanafuata mstari, watu wanapiga makofi. Nilipunga mkono. Nilisema mwenyewe kwa sauti: wako wapi waliocheka?

Mwenye trekta akaniachia juu ya kilima kidogo. Chini yake jukwaa. Nikamwona mama mkwe mbele kabisa kwenye kiti cha plastiki, mke wangu pembeni yake. Mzee Nyuzi alikuwa katika wimbo wa pili, gitaa linalia uwanja mzima. Nikawaza: nikishuka sasa hivi, nitafika na soda katikati ya wimbo. Nikaisukuma friza. Kidogo tu. Kwa kidole, tuseme.

Ilikwenda. Nikaishika, nikawa naburutwa kwa tumbo. Nilipiga kelele watu wapishe, nao walipisha, hilo nawashukuru. Friza ikakumbuka tabia yake, ikakata kushoto, ikapita pembeni ya jukwaa, ikagonga jenereta.

Kimya.

Taa zikazima, spika zikazima, gitaa la Mzee Nyuzi likabaki bila sauti kama domo la samaki. Watu maelfu, na hakuna hata aliyekohoa. Nikajificha nyuma ya friza, nyaya zimenizunguka shingoni. Nikasema, nimemwibia mama. Siku moja tu aliyoisubiri, nimeiua kwa friza. Niliwaza kurudi nyumbani kwa miguu na kubadili jina.

Kisha yule mzee akasogea mbele. Akaletewa gitaa la zamani lisilohitaji umeme. Akakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, akaanza upya ule wimbo, polepole. Watu wakasogea. Hapo nikasikia sauti nyembamba inaitikia, ya mwanamke mzee. Mama mkwe! Amesimama, kwa ile miguu, ameshika bega la mke wangu, anaitikia kila mstari. Mzee Nyuzi akageuza gitaa upande wake, akapiga akimtazama yeye. Mke wangu alikuwa analia bila kujifuta. Na mimi macho yaliniwasha. Tope.

Hapo hapo yule mlinzi mrefu wa lango akatokea, akauliza kwa kunong'ona friza ya nani. Nikamnong'oneza kwamba sijui, nami nimeikuta. Akapangusa tope ubavuni. Akasoma taratibu. Akatoa simu, akapiga.

Ya kwangu ikalia mfukoni. Nimeiwekea mlio wa jogoo, kwa sababu karakanani kuna kelele. Jogoo aliwika katikati ya ule ukimya, mara tatu, uwanja mzima ukageuka. Mzee Nyuzi akasimamisha mkono hewani. Mama mkwe akaangalia, akaniona, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kilimani, "Ah, ni mkwe wangu!"

Watu walicheka kuliko ilivyolazimu.

Jumapili, 15 Machi

Tumerudi. Friza imeachwa kule kwa amri ya mlinzi, ambaye sasa namba yangu anayo na anaitumia vibaya. Kutwa nzima nimesaidia kuchimbua jenereta kutoka topeni, kwa hiari yangu, baada ya kuambiwa kwamba si kwa hiari yangu.

Njiani kila mtu aliongea ila mimi. Shemeji aliwika kama jogoo kila tulipopita kona. Mama mkwe alisema hajawahi kusikia wimbo ule vizuri namna hiyo. Siku ya harusi ulipopigwa, alisema, alikuwa na hofu ya kuolewa, viatu vinambana, hakusikia hata neno. "Jana ndiyo nimeusikia. Ule umeme ulivyozima, mwanangu, Mungu alikuwa ananipigia mimi."

Mungu! Nikauliza kwa upole kama kuna mtu ndani ya gari hili anayekumbuka umeme ulizimwa na nini hasa, na kilitengenezwa na nani. Nikasubiri shukrani. Mke wangu akafungua dirisha.

Nyumbani akaniketisha. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema mama yake angeweza kuukosa ule wimbo, na kwamba ningekuwa pembeni yao tangu asubuhi ningeusikia nimekaa, si nimelala chini ya nyaya. Akanitaka niape. Nikaapa: sitapeleka tena friza kwenye tamasha lolote, maisha yangu yote. Nilimaanisha. Nilimshika hata mkono.

Jumanne, 17 Machi

Nimetafakari siku mbili kwa akili iliyotulia. Lawama zote nilizobebeshwa ni za uonevu, maana kosa lilikuwa moja tu: magurudumu. Ushauri wa magurudumu niliutoa wapi? Kwa watu! Watu wamezoea magurudumu. Yalipong'oka, chombo kilikwenda kama samaki. Kwa hiyo mwakani hakuna magurudumu. Chini ni bati laini, limepakwa grisi.

Na kiapo nimekishika. Muuza aiskrimu wa barabara ya pili anauza gari lake bovu kwa vipande, na lile sanduku la nyuma hana kazi nalo. Nimelipima leo. Hiyo si friza. Ni chumba cha baridi. Mama mkwe anaenea mle ndani akiwa amekaa, na kiti chake, na dirisha nitamkatia.

Nimemwambia mke wangu naenda kununua mkate. Shemeji akiniuliza pikapu ya nini, nitamwambia mkate wenyewe ni mkubwa.